Mpunga Uliotwangwa kwa Woga

Jirani yao Malaika alipofariki, jina la kwanza kutajwa uani lilikuwa la Mama Mwavita. Wanawake wa Kiislamu wa Mikelenge, mtaa wa Kindu, hawaoshwi na yeyote tu anayejitolea. Huoshwa na mwanamke anayeijua kazi, mwenye mkono mwepesi na mdomo mzito, na kwa karibu miaka thelathini mwanamke huyo alikuwa Mwavita. Alikuja mapema, akatia kafuri majini, akachovya kitambaa, akakikamua. Kitambaa hakikukamulika. Vidole vilifika nusu ya safari vikagoma, maji yakamtiririka hadi viwikoni. Alijaribu mara tatu. Kisha alimkabidhi kitambaa mwanamke aliyekuwa akimsaidia, akasimama kando na kuelekeza kwa maneno mpaka kazi ikaisha.

Alasiri alirudi nyumbani, akamwambia binti yake Safi mambo mawili. La kwanza, hamezi tena vile vidonge vya njano vya kila Ijumaa. La pili, amemwita Hamidou, mpwa wake mwenye pikipiki: Jumatatu watavuka mto hadi Alunguli, kisha Kailo, kisha msituni.

"Kufanya nini msituni, mama?"

"Kupona. Njo kule, ndiko kule nilipona."

Safi alikuwa mpimaji wa maabara katika hospitali moja ya mjini, mwaka wa kumi na tano sasa, na kazi ile ilikuwa imemfundisha kutobishana na mgonjwa kabla ya kujua anachokijua mgonjwa. Ugonjwa wa mama yake aliujua kwa jina: baridi yabisi, ile mbaya, ambayo haitokani na baridi wala uzee. Askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, huanza siku moja kuvishambulia viungo vya mwenye mwili kana kwamba ni vya mgeni. Vidonge vya njano viliwapunguzia askari hao ukali. Mgonjwa akiviacha, uvimbe hurudi, na chini ya uvimbe mfupa huliwa taratibu. Mfupa ulioliwa haurudi.

Lakini na lile lingine alilijua, kwa sababu alilishuhudia. Mama yake aliwahi kupona msituni.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, Safi akiwa na miaka kumi na minne, Kindu ilikuwa mikononi mwa waasi na misitu inayoizunguka mikononi mwa wanamgambo wa Mai-Mai. Treni ilikuwa imesimama. Mtu aliyekwenda shambani alishukiwa na hawa, aliyerudi alishukiwa na wale. Mwavita, mjane tayari, mikono yake ikiwa imevimba mwaka wa nne, aliwachukua watoto wake wawili, Safi na Yusufu mdogo waliyemwita Djo, akaingia nao msitu wa upande wa Kailo. Walikaa humo miezi tisa. Mwezi wa tano Safi alimwona mama yake akifunga kamba ya mzigo kwa vidole kumi, bila kutumia meno. Walipotoka, mikono ya Mwavita ilikuwa imefunguka kama ya msichana. Djo hakutoka nao. Homa ilimkuta akiwa amekonda kupita kiasi, akiwa na miaka mitatu.

Kwa Mwavita, aliyemponya ni jani. Jani fulani linalotambaa, chungu, ambalo kule msituni alilitafuna kila asubuhi. Vita vilipoisha, treni ikarudi na unga wa ngano, sukari na chumvi, na baada ya miaka miwili vidole vikaanza kujikunja tena. Tangu hapo, kila kiangazi, mtu alimletea jani lake kutoka Kailo, naye alilitafuna kwa imani yote. Halikufanya kitu. Hakulilaumu jani, aliulaumu mji.

Kesho yake, kazini, Safi alimfuata Dokta Florentin, aliyekuwa akimtibu Mwavita. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, msomaji wa kila karatasi iliyomfikia. Safi alimweleza yote, pamoja na jani.

"Jani acha," alisema dokta. "Niambie, kule msituni mama alikula nini?"

"Njaa."

"Njaa yenyewe ni dawa ya muda kwa ugonjwa huu. Mtu akifunga kabisa, uvimbe unapungua. Akianza kula, unarudi. Lakini miezi tisa si mfungo. Mlikula kitu." Alicheka. "Safi, wewe miaka kumi na mitano unaangalia choo cha watu ndani ya darubini. Unatafuta nini?"

"Amiba. Mayai ya minyoo."

"Na wenye nyumba? Haujawasalimia hata siku moja?"

Safi hakuelewa. Dokta akamweleza, na kadiri alivyoeleza ucheshi ulimtoka, akawa anasema polepole kama mtu anayetembea ndani ya msikiti.

Sehemu kubwa ya askari wa mwili, alisema, wamepiga kambi kwenye ukuta wa utumbo, kwa kuwa huko ndiko mpakani. Ng'ambo ya ukuta huo mwembamba wanaishi bakteria, mamilioni ya mamilioni, idadi yao inakaribia au kupita ile ya chembe zote za mwili wa mtu. Askari hujifunza kwao nani jirani na nani adui. Bakteria hawa hula yale ambayo mtu ameshindwa kuyameng'enya: pumba za nafaka, nyuzi za majani, wanga mgumu. Wakishiba, wengine wao hutoa asidi ndogo inayopenya ukuta na kuwatuliza askari. Wakikosa, wapo wanaogeuka na kuanza kuula ute wa ukuta wenyewe.

"Hayo yameonwa kwa panya, waziwazi," alisema. "Kwa watu, kuna wagonjwa ambao bakteria wao wanatofautiana na wale wa watu wenye afya. Kama hiyo ni sababu ya ugonjwa ao ni matokeo yake, bado watu wanabishana. Kubadilisha chakula kumesaidia baadhi, wengine hapana. Kwa hiyo sema 'labda', na useme kwa sauti."

"Na akiacha vidonge?"

"Hapo hakuna labda. Mifupa italiwa."

Siku ya Jumapili Safi aliketi na mama yake barazani, karatasi gotini. Alitaka orodha ya kila kilichoingia mdomoni mwao miezi ile tisa. Mwavita aliona ni utoto, lakini alijibu. Sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta. Fumbwa, majani ya msituni. Uyoga wakati wa mvua. Mihogo. Ndizi mbichi. Mupunga wa mashamba yaliyoachwa na wenyewe. Chumvi ya majivu.

"Na jani langu. Andika."

"Jani nimeandika, mama. Jani umelila miaka ishirini."

"La mjini limekufa nguvu. Linasafiri na petroli ya Hamidou."

"Sombe unakula hata leo. Muhogo unakula. Wali unakula kila siku. Sasa tofauti iko wapi?"

"Tofauti iko mahali, mutoto wangu. Njo nakuambia tangu juzi."

Safi alitazama sinia la wali lililobaki mezani. Mchele ulikuwa wa mashine, mweupe kama meno. "Kule tulitwanga, si ndiyo?"

"Kutwanga!" Mwavita alicheka kwa pua. "Ile ilikuwa kutwanga? Mara tatu, mara ine, tunaacha. Sauti ya muchi inatembea mbali. Familia ya Mama Nicole walitwanga kama wako kwao, wakasikiwa. Uliwaona tena? Sisi tulikula mupunga na nguo zake. Ulikuwa unakwaruza koo."

Safi aliandika: *pumba*. Kalamu ilisimama hapohapo. Kitu kingine kilikuwa kinamjia, nacho hakikuja kama chakula. Kilikuja kama sauti. Ilikuwa sauti ya Djo, ndogo, ya kuchosha, akisema neno moja kila alipopewa tonge la wali.

"Mama. Djo alikuwa anasema nini wakati wa kula?"

Uso wa Mwavita ulikunjamana. Jina hilo halikutajwa katika nyumba ile ila siku za kumwombea. "Juu ya nini unaniuliza vile?"

"Alikuwa anasema 'moto'. 'Moto, mama, nataka ya moto.' Kila siku."

"Ndiyo," alisema Mwavita. "Na haikuwa ya moto. Tulipika alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya miti, ili moshi usionekane. Kisha nilifunika sufuria, naiweka ndani ya maji ya kijito. Tulikula hiyo muchana, tulikula hiyo magaribi. Baridi kama jiwe. Miezi tisa sijakula kitu cha moto."

Safi alibaki ameishika karatasi. Alikumbuka kitu alichokisoma chuoni, katika ukurasa wa wanga, kitu alichokiona hakina kazi yoyote duniani: kwamba wali au muhogo ukipikwa kisha ukaachwa upoe, sehemu ya wanga wake hujifunga upya, ikawa ngumu, ikapita tumbo lote la mtu bila kumeng'enywa. Inafika chini kabisa, kwa wale wanaoingoja.

Hakuna aliyechagua chakula kile. Mchi ulinyamazishwa kwa kuogopa masikio, moto ukazimwa kwa kuogopa macho. Woga ndio uliokuwa mpishi wao. Na sufuria ileile, baridi, yenye pumba, iliyokuwa ndogo mno kwa mtoto wa miaka mitatu, huenda ndiyo iliyoifungua mikono ya mama yake. Safi hakujua mtu anatakiwa afanye nini na jambo kama hilo. Alilolijua ni kwamba lilikuwa kubwa kuliko yeye.

"Mama, usiende Kailo. Kula hapa kama tulivyokula kule. Lakini uache ile njaa, na vidonge umeze."

"Vidonge hapana."

"Vyote pamoja. Ijumaa kumi na ine. Nitapima."

"Na zikiisha nikitaka kwenda?"

"Tutaangalia namba."

"Namba zako! Namba zinajua nini kuhusu mimi?"

"Hazijui. Namba hazina mama wala shangazi, njo uzuri wake."

Mwavita alisema kwamba mtu aliyezaa msumari asishangae akichomwa. Hamidou akaambiwa asubiri.

Kwa hiyo wakaanza. Mpunga ulitwangwa mara nne tu, jirani wakauliza kama mchi umevunjika. Wali na mihogo vilipikwa asubuhi, vikafunikwa vizuri na kuwekwa ndani ya beseni la maji, maana Safi alijua pia kwamba wali uliolala ovyo kwenye joto la Kindu huharisha. Ilipofika jioni, kilichobaki walipewa kuku. Majani yalikuja kwa aina na aina: sombe, matembele, lengalenga, fumbwa. Mandazi ya ngano yakaondoka, na sukari nayo.

"Chai bila sukari njo adhabu ya kosa gani?" aliuliza Mwavita wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikuwa na tumbo lililojaa hewa, akatangaza kwa wageni kwamba binti yake msomi amemgeuza mpira. Wiki ya tatu tumbo lilitulia.

Kila Ijumaa asubuhi Safi alikunja mkanda wa kupimia presha, akaujaza hewa mpaka sindano ifike ishirini, akampa mama yake auminye. Namba ambayo sindano iliifikia ndiyo aliyoiandika. Aliandika pia dakika ambazo vidole vilibaki vigumu baada ya kuamka. Ijumaa ya kwanza mkono wa kulia ulifikisha sitini na mbili. Ugumu, zaidi ya saa mbili. Ya tano, sitini na tano, jambo ambalo si kitu. Ya nane, themanini na tatu. Ya kumi, tisini na nane. Ya kumi na mbili, Mwavita aliitwa tena kuosha, akaenda, akaosha mwanzo hadi mwisho, hakumwambia Safi mpaka kesho yake. Ya kumi na nne, mia moja na kumi na nane. Ugumu, dakika thelathini na tano. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilibaki kimepinda. Mfupa wake ulikuwa umekwisha kuliwa.

Safi alizipeleka namba kwa dokta. Alizisoma mara mbili.

"Ni nzuri. Sasa niambie ukweli: zamani, vidonge alikuwa anameza kila Ijumaa?"

Safi alikuwa ameshauliza. "Amekiri. Ijumaa moja anameza, moja anaficha."

"Basi safari hii amemeza kumi na nne mfululizo, na dawa hiyo inahitaji miezi mitatu kuonyesha kazi. Inaweza kuwa dawa peke yake. Inaweza kuwa chakula. Inaweza kuwa vyote viwili."

"Na kule msituni hakukuwa na dawa."

"Kule kulikuwa na njaa. Na minyoo, nayo inawatuliza askari kwa hila zake. Na bakteria ambao huenda leo hayuko nao." Alimrudishia karatasi kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mtu kitu chake cha thamani. "Mgonjwa mmoja si ushahidi, Safi. Ni swali lililoulizwa vizuri."

Mwavita, kwa upande wake, hakuwa na swali. Alikuwa na mikono. Ijumaa iliyofuata, alfajiri, alisema kwamba amepona, hivyo vidonge basi, na kwamba lililobaki, kile kidole, msitu utalimaliza. Hamidou alikuwa njiani.

Safi hakubishana. Alimwomba mama yake kitu kimoja: aje naye maabara, kabla ya wagonjwa kufika, na kikopo chenye choo chake cha asubuhi.

"Mbele ya watu?"

"Hakuna watu. Mimi na wewe tu."

Alichukua kiasi kidogo kuliko punje ya mtama, akakitawanya ndani ya tone la maji ya chumvi, akakifunika kwa kioo. Aliangalia kwanza yeye. Kwa miaka kumi na mitano jicho lake lilikuwa limezoea kupita juu ya yale madoa madogo kama mtu apitavyo juu ya mchanga akitafuta sindano. Kwenye karatasi ya majibu hayakuwa hata na mstari wake. Safari hii alikataa kupita. Alisimama. Walikuwapo vijiti, mviringo, minyororo, vilivyotulia na vilivyokatiza mbio, pembe hadi pembe ya duara la mwanga, safu nyuma ya safu kila alipogeuza kitasa, na hakukuwa na mahali ambapo hawakuwapo. Hakuweza kuwataja majina. Hakuna macho yanayoweza. Darubini ile haikumwambia nani anatuliza na nani anakula ukuta. Ilimwambia tu kwamba wapo.

Alimpisha mama yake kiti. Mwavita alichukua muda kupata jicho lake, akilalamika kwamba anaona kope zake mwenyewe. Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko Safi alivyowahi kumwona akinyamaza nje ya chumba cha maiti.

"Hawa ni wa ugonjwa?"

"Hapana. Wengi wao ni wenyeji."

"Wote hawa? Ndani ya mutu mumoja?"

"Hawa ni wa tone, mama."

"Wanakula nini?"

"Kile kinachokupita wewe. Pumba. Majani. Wanga wa baridi."

Mwavita hakuliondoa jicho. Kidole chake kilichopinda kilikuwa kimeshika ukingo wa meza. "Na ile wakati ya vita?"

"Walikuwapo. Hawahawa, ao ndugu zao."

"Basi na wao walikimbia na sisi." Alisema polepole. "Mimi nilifikiri tuko watatu."

Mama yake aliinua uso. Haukuwa na machozi, ulikuwa na ule utulivu anaokuwa nao mtu aliyeambiwa cheo cha mgeni baada ya kumkaribisha jikoni.

"Miaka yote nilitafuta jani," alisema. "Nilitaka ule msitu uwe umenipa kitu. Ulichukua mutoto wangu. Nilitaka uwe umelipa. Kumbe haukulipa. Walikuwa humu." Alijigusa chini ya kitovu. "Na vile vidonge vinawaua?"

"Huenda vinawagusa kidogo, hakuna anayejua vizuri. Kazi yake kubwa iko kwa askari wa mwili: vinawaambia wapunguze ukali. Hawa nao, labda, wanawaambia vilevile."

"Labda."

"Labda, mama. Zaidi ya hapo ningekudanganya."

"Haujawahi kunidanganya. Njo ubaya wako."

Walipofika nyumbani, Hamidou alikuwa ameketi juu ya pikipiki, matope ya Kailo yamemfikia magotini, na nyuma amefunga godoro dogo kwa ajili ya mgongo wa shangazi. Mwavita alimsalimia, akamuuliza habari za wote kule mmoja mmoja, akamwambia afungue godoro.

"Shangazi, nimevuka mto kwa ajili yako! Haukwendi?"

"Sikwendi. Wewe utarudi, uniletee mupunga."

"Mupunga? Mashine iko pale kwetu sasa, mupya, inatoa mchele mweupe, unajiona ndani kama kioo."

"Sitaki kujiona. Uniletee na nguo zake."

Hamidou alimgeukia Safi kutafuta mwenye akili, akakuta Safi anamtazama mama yake. Mwavita alikuwa ametoa ile chupa ya vidonge vya njano kutoka kwenye fundo la kitenge, amehesabu vidonge kiganjani bila haraka. Akavimeza na maji, kimoja baada ya kingine.

"Sawa, mimi ni dereva tu," alisema Hamidou. "Gunia ngapi? Kwenye hii nyumba munakula watu wangapi?"

"Muulize dada yako," alisema Mwavita. "Yeye njo ana hesabu."

Safi alifungua mdomo. Idadi ya wale wenyeji wa tumboni aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa na tarakimu kumi na nne, na ilikuwa ya mtu mmoja.